Baraza ya mbao inayodumu kanda ya ziwa: kuijenga, kuikarabati na kuitunza

Mvua ya Kisumu haiji kwa adabu. Mchana jua linachoma, alasiri mawingu yanajikusanya juu ya vilima vya Nandi, jioni maji yanamwagika kwa saa moja au mbili, na asubuhi yake kila ubao ulio nje unafuka mvuke. Mji hupata takriban milimita 1,300 za mvua kwa mwaka. Kakamega hukaribia 2,000. Ukisema unataka baraza ya mbao mbele ya nyumba, pa kupunga upepo wa ziwa, majirani watakushauri umwage zege uweke vigae, mambo yaishe. Mbao zitaoza, watasema, na zitakazosalia mchwa watazimaliza.

Wana sababu. Baraza nyingi za mbao zinazojengwa huku huoza kweli, ila si mvua inayoziozesha. Zinaoza kwa sababu maji yakishaingia hayana pa kutokea. Kuvu wa kuozesha mbao anataka unyevu wa zaidi ya asilimia 20 hivi, tena anataka na hewa. Ng'oa nguzo kuukuu ya ua uitazame: ncha iliyozama ardhini mara nyingi bado ngumu, sehemu ya juu ni ngumu, lakini shingo, pale ilipochomoza kutoka udongoni, imeliwa ikabaki kijiti. Hapo ndipo maji na hewa hukutana. Karibu kila shauri utakalosoma hapa linatokana na shingo hiyo.

Na wazee wa huku walilijua jambo hili zamani. Maghala ya mtama na mahindi yalisimama juu ya miguu, hewa ikipita chini, paa likitokeza mbele kuzuia matone. Jenga baraza yako kama ghala hilo.

Tuelewane majina kwanza. Chini kabisa kuna viguzo au nguzo. Juu yake inalala mihimili, mbao nene mbilimbili zinazobeba kila kitu. Juu ya mihimili zinapita boriti, na juu ya boriti ndipo unapigilia mbao za sakafu unazokanyaga.

Mahali na majira

Januari na Februari ni miongoni mwa miezi mikavu Kisumu, kwa hiyo kazi ya nje ifanyike wakati huo, kabla ya masika ya Machi hadi Mei. Mbao zinunuliwe mapema, Oktoba au hata kabla, kwa sababu nitakayoeleza. Upande wa Kakamega na Kericho hata miezi hiyo haikosi mvua, basi uwe na turubai au mabati machache ya kufunika kazi kila jioni.

Usiijenge chini ya mwembe. Kivuli ni kizuri lakini majani hujaa kwenye nyufa na kubaki mabichi wiki nzima. Kama paa la nyumba halina gata, weka gata kwanza. Maji ya paa yakidondoka mstari mmoja juu ya sakafu, mstari huo ndio utakaooza mwanzo. Walio karibu na ufuo, Dunga na kwingineko, wanakumbuka 2020 ziwa lilivyopanda likaingia majumbani. Tafuta alama ya maji ya mwaka ule, na kama sakafu haiwezi kupita juu yake, fikiria upya. Pita pia ofisi ya mipango ya kaunti uulize kama kazi yako inahitaji kibali, hasa kama baraza itakuwa juu ya kimo cha mtu au kiwanja kiko kando ya ziwa.

Kimo kutoka ardhini hadi chini ya boriti kisipungue inchi 18. Si urembo. Ni nafasi ya hewa kupita na ya mtu kutambaa na tochi kukagua. Baraza iliyolala karibu na udongo huwezi kuikagua, na usichoweza kukikagua mchwa watakikagua kwa niaba yako.

Kuchagua mbao

Kwenye mabohari ya mbao ya Kisumu utakutana zaidi na saipras, paini, mkaratusi ambao wengi huuita blugamu, grevilea, na mbao ngumu zinazoingia kupitia Busia na Malaba.

Saipras ndiyo ya wastani: inafanyika kirahisi, haipindi sana, na moyo wake hustahimili kiasi. Tatizo ni umri. Wakati ukataji ulipopigwa marufuku katika misitu ya serikali, kuanzia 2018 hadi 2023, mbao nyingi zikawa zinatoka mashamba ya watu, na mti uliokatwa mchanga una moyo mdogo, sehemu kubwa ni ile nyama nyeupe ya nje ambayo kuvu na mchwa huipenda. Angalia kichwa cha ubao: sehemu iliyokoza rangi ndiyo unayolipia. Paini ambayo haijatiwa dawa usiiweke nje kabisa. Iliyotiwa dawa kwa mashine ya shinikizo ni nzuri sana, kwa sababu paini huinywa dawa vizuri kuliko nyingi. Grevilea iache kwa fanicha za ndani.

Mvule hudumu, na ni mzuri kwa macho, lakini hakikisha una stakabadhi ya ulikotoka. Mbao kusafirishwa bila kibali cha Huduma ya Misitu ya Kenya ni kesi. Vumbi lake huwasha ngozi na kifua, hivyo anayeupiga randa avae barakoa. Mwerezi ulikuwa mfalme wa nguzo za ua nyanda za juu. Leo ni adimu, na sioni haja ya kuukata ili tukanyagie.

Mkaratusi unastahili maneno zaidi kwa sababu ndio unaowaponza watu. Una nguvu, lakini hupinda na kupasuka ukikauka haraka. Nguzo za mkaratusi zenye rangi ya kijani, kama zile za umeme, zimetiwa dawa ya shaba, kromu na aseniki. Dawa hiyo huingia kwenye nyama ya nje tu. Moyo wa mkaratusi haunywi. Kwa hiyo nguzo ya kijani ukiipasua katikati, au ukiichonga ncha ili iingie ardhini, umetupa ulinzi ulioununua na kuuacha moyo uchi. Ncha iliyotoka kiwandani ndiyo iende chini, na kipande kikatwe kwa juu.

Kukausha, hatua ambayo karibu kila mtu huiruka

Muuzaji atakugongea ubao kwa ngumi akuambie, "Mzee, hii imekauka kabisa." Mara nyingi ilikatwa wiki iliyopita. Ubao wa saipras wa inchi 6 ukiwekwa mbichi unaweza kupungua upana kwa karibu robo inchi ukikauka, na skrubu zilizoushika zitaupasua.

Panga mbao mahali penye paa lakini pasipo na kuta, juu ya matofali, futi 1 kutoka chini. Kati ya kila safu weka vijiti vikavu vya inchi 1, kila futi 2, vikifuatana wima juu ya vijiti vya chini yake. Juu weka mawe au vitofali vizito ili safu ya mwisho isipinde. Paka vichwa vya mbao rangi nzito ya mafuta siku ileile zilipofika, kwa kuwa vichwa hupoteza maji haraka kuliko tumbo na ndiyo maana hupasuka. Ubao wa inchi 1 au 1½ utahitaji miezi miwili hadi minne hivi. Usikisie: chagua kipande kimoja, kipime kwenye mizani ya duka kila wiki, uandike. Uzito ukikoma kushuka, mbao ziko tayari.

Hesabu ya vifaa

Tuchukue baraza ya futi 12 kwa upande wa nyumba na futi 8 kwenda nje. Ni ndogo, lakini inakalisha familia na wageni wawili watatu.

Viguzo 6, vitatu kwa kila mhimili. Mihimili 2, kila mmoja mbao mbili za inchi 8×2 zenye urefu wa futi 12, yaani futi 48 kwa jumla. Boriti 10 za 6×2 zenye urefu wa futi 8, futi 80. Mbao za sakafu za 6×1½, ambazo baada ya randa hubaki na upana wa inchi 5½ hivi: safu 17 za futi 12, ni futi 204, ongeza moja ya kumi kwa ajili ya mbao mbovu utakazozikataa, ununue kama 225. Skrubu za inchi 3, karibu 350. Ukiweka mbao za sakafu za inchi 1 badala ya 1½, boriti zisogezwe karibu, ziachane futi 1 tu, la sivyo sakafu itabonyea chini ya mguu.

Skrubu na bolti zote ziwe zimechovywa kwenye zinki ya moto, zile zenye rangi ya kijivu iliyofifia, au za chuma kisichoshika kutu ukimudu. Zile za kung'aa zenye rangi ya manjano zimepakwa utando mwembamba tu na ni za ndani ya nyumba. Kwenye mbao zilizotiwa dawa ya shaba msumari wa kawaida huliwa upesi zaidi, kwa sababu shaba na chuma vikikutana kwenye unyevu chuma ndicho hushindwa.

Msingi

Baraza hii isimame yenyewe. Kuifunga kwenye ukuta wa nyumba kwa bolti ni kualika maji yajifiche nyuma ya ubao na kuwapa mchwa daraja la kuingilia ndani. Acha nafasi ya inchi 1½ kati ya ukuta na sakafu, hakuna atakayeiona.

Piga kamba za mstatili na uhakikishe pembe kwa hesabu ya mafundi: pima futi 6 upande mmoja, futi 8 upande wa pili, na mshazari uwe futi 10 kamili. Mhimili wa kwanza upite futi 1 kutoka ukingo wa ndani na wa pili futi 1 kutoka ukingo wa nje, ili boriti zivuke futi 6 katikati na kuning'inia futi 1 kila upande. Kwa urefu, viguzo viwe futi ya 1, ya 6 na ya 11, yaani futi 5 kati yao.

Mashimo yawe na upana wa inchi 18 na kina cha futi 2, kwenye udongo mwekundu au marram. Bonde la Kano, Nyamasaria na sehemu za chini za mji kuna udongo mweusi ambao mafundi huuita blakikotoni. Huo huvimba ukilowa na kupasuka ukikauka, na utaiinua baraza yako upande mmoja kila masika. Chimba hadi uupite ufikie marram au mwamba, hata kama ni futi 4. Asiyeufikia amwite fundi wa ujenzi amtengenezee msingi wa nondo; hilo si la kubahatisha. Huku juu Riat shida ni kinyume, mwamba uko karibu mno, na hapo unatoboa jiwe na kusimika chuma ndani.

Zege iwe sehemu 1 ya simiti, 2 za mchanga, 4 za kokoto. Kama baraza ni fupi, ukiniuliza mimi, usitumie nguzo za mbao hata kidogo: jenga viguzo vya zege hadi chini ya mhimili. Mbao ikae juu, zege ikae na udongo. Kama kiwanja kina mteremko na lazima uweke nguzo ndefu za 4×4, zisizamishwe ndani ya zege. Zege hukaa na maji na kuikumba nguzo shingoni. Peleka kipimo kwa mafundi wa jua kali Kibuye wakukunjie kiatu cha chuma bapa cha milimita 6 chenye umbo la U, mguu wake uzame kwenye zege bado mbichi na kitako kiwe inchi 2 juu ya zege. Sehemu ya juu ya zege ipewe mgongo ili maji yateremke pande zote.

Kusawazisha vimo, mpira mwembamba unaoonyesha maji ndani unatosha na haudanganyi. Mstari wa nje uwe chini kuliko wa ndani kwa inchi 1 hivi, ili sakafu ielekeze maji mbali na nyumba. Mwagilia zege mara kwa mara kwa siku 7 na usiibebeshe mzigo kabla ya hapo.

Kabla ya kufunika, toa nyasi na mizizi yote chini ya baraza, upe udongo mteremko kwenda nje, utandike polythini nzito, na juu yake kokoto ya inchi 2 au 3. Vipande vya mbao vilivyodondoka viokotwe vyote. Kipande kimoja kilichofukiwa ndicho chakula cha kwanza cha kichuguu.

Juu ya kila kiguzo weka kofia ya bati bapa iliyotokeza inchi 2 kila upande, kingo zikiwa zimekunjwa kuelekea chini. Haiwaui mchwa. Inawalazimisha kujenga njia zao za udongo upande wa nje wa bati, ambako utaziona.

Mihimili na boriti

Mbao mbili za mhimili zifungwe kwa bolti za nusu inchi, mbilimbili kila futi 2, zikipishana juu na chini. Kisha chukua ile karatasi nyeusi ya lami ambayo mafundi huiweka juu ya msingi wa nyumba, dipisi, ukate vipande virefu vyenye upana unaozidi mhimili kwa inchi ½ kila upande, utandike juu. Fanya vivyo hivyo juu ya kila boriti kabla ya sakafu. Ni kitu cha bei ndogo kuliko vyote kwenye kazi hii na sijui kingine kinachoongeza maisha ya baraza kwa kiasi hicho, kwa maana maji yanayopita kati ya mbao za sakafu huishia juu ya boriti, na kila skrubu ni tundu la kuyapokea.

Boriti huwa na mgongo. Uinue ubao, funga jicho moja, utazame ukingo wake: upande uliotunisha uende juu, uzito utaunyoosha. Zipange kila inchi 16 kutoka katikati hadi katikati, zishikwe kwenye mhimili kwa pembe za chuma zenye zinki, na katikati ya safari yao zipigwe vipande vya 6×2 vya kuzibana zisigeuke. Nguzo zinazozidi futi 4 zihitaji mbao za mshazari kwenye pembe, pande zote mbili.

Kila unapokata ubao uliotiwa dawa, paka mahali palipokatwa dawa ya mkono yenye shaba, makoti mawili. Kwa ubao usio na dawa, loweka kichwa kwenye kopo la mafuta ya mbao kwa dakika kadhaa. Ubao hunywa maji kwa kichwa kuliko kwa uso wake wote.

Sakafu

Mbao kavu ziachane kwa robo inchi. Msumari wa inchi 6 una unene wa karibu milimita 6, basi utumie kama kipimo: simamisha miwili kati ya ubao na ubao, piga skrubu, ing'oe, endelea. Mbao ambazo bado zina unyevu zikaribie zaidi, zitaachana zenyewe. Toboa tundu kwanza, hasa karibu na kichwa. Mkaratusi na mvule havisamehe. Skrubu mbili kila boriti, inchi 1 kutoka ukingo, na kichwa cha skrubu kikomee sawasawa na uso wa ubao. Ukikizamisha umechimba kikombe cha maji.

Tenga pembeni ubao wenye kiini cha mti katikati, ule wenye ganda, na ule wenye vitundu vidogo vinavyotoa unga. Huyo ni bungua, na hutaki kumkaribisha.

Kinga na ngazi

Sakafu ikizidi futi 2 kutoka chini, weka kinga ya kimo cha futi 3½. Nafasi kati ya vijiti isifike inchi 4, kwa sababu ya vichwa vya watoto. Nguzo za kinga zifungwe kwenye boriti ya pembeni kwa bolti mbili, si misumari; mgeni mnene akiegemea akicheka ndipo utajua tofauti. Sehemu ya juu ya kinga ipewe mteremko mdogo. Vidato vya ngazi viwe vya kimo kimoja vyote, karibu inchi 7, na upana wa kukanyaga inchi 11. Mguu wa ngazi ukae juu ya zege, kamwe si juu ya udongo.

Mafuta, si vanishi

Vanishi hung'aa vizuri mwezi wa kwanza. Hapa tuko kwenye ikweta. Jua linaikausha, inapasuka, maji yanapita kwenye nyufa na kubaki chini ya utando, na ubao unaoza huku uso unang'aa. Tumia mafuta ya mbao za nje yanayopenya, yenye rangi kidogo ya kahawia na dawa ya ukungu ndani. Rangi hiyo ndiyo inayozuia jua. Mafuta ya kitani yakitumiwa peke yake, katika unyevu wa huku, huwa chakula cha ukungu na sakafu hugeuka nyeusi.

Na oili chafu ya magari? Watu huipaka nguzo za ua, na sitabishana na mzee ambaye ua wake umesimama. Kwa baraza haifai: inanuka, inachafua nguo na miguu, inateremka kwenye udongo, na haizuii maji kwa muda mrefu.

Paka baada ya siku mbili tatu za jua bila mvua, asubuhi, koti jembamba, ufute yanayobaki juu baada ya robo saa. Vitambaa vyenye mafuta vianikwe nje vikiwa vimekunjuliwa hadi vikauke. Vikirundikwa kwenye pembe vinaweza kujipasha moto na kuwaka vyenyewe.

Kutunza

Kila Januari mwagia sakafu matone ya maji. Yakisimama kama shanga, iache. Yakinywewa mara moja, ni wakati wa koti jingine.

Utelezi wa kijani usugue kwa brashi ngumu ya nailoni na maji ya sabuni ya unga, ukifuata mkondo wa nyuzi za ubao. Dawa ya klorini ya kufulia hung'arisha lakini inalegeza nyuzi na kula skrubu. Brashi ya waya huacha chembe za chuma zinazogeuka madoa meusi. Mashine ya kuoshea magari, ambayo vijana watakuja nayo wakiisifu, huchana uso wa ubao ukawa manyoya, na manyoya hunywa maji.

Fagia nyufa kwa kisu butu kabla ya masika. Vyungu vya maua vikae juu ya vijiti, si moja kwa moja sakafuni. Zulia na mikeka viondolewe jioni. Na tangi la maji lisikae hapo hata siku moja: lita 1,000 ni tani nzima kwenye eneo la meza.

Mvua za kwanza zikinyesha na kumbikumbi wakatoka, watoto wakawakimbilia na sufuria, kumbuka kwamba wale wasioliwa wanaangusha mbawa na kutafuta mahali pa kuanzisha kichuguu. Zima taa ya baraza jioni hizo; itakupunguzia na wale wadudu wa ziwa. Wiki mbili baadaye ingia chini na tochi. Njia ya udongo yenye upana wa kalamu ikipanda kwenye kiguzo, ivunje kipande cha katikati, urudi kesho yake. Ikiwa imezibwa, wako kazini. Mwite mtaalamu mwenye leseni atie dawa ardhini. Kuifuta njia na kuondoka ni kuwahimiza watafute nyingine usiyoiona.

Kukarabati

Ukaguzi wa kweli hufanywa kwa bisibisi. Ichome kwenye vichwa vya mbao, kwenye makutano ya boriti na mhimili, shingoni mwa nguzo na kwenye ngazi. Ubao mzima huikataa. Ubao uliooza huimeza nusu inchi bila wewe kulazimisha. Gonga pia kwa nyundo: mlio mkavu ni salama, mlio wa kufifia kama wa boga bovu si salama.

Ubao wa sakafu haujazwi kwa mchanganyiko wa gundi na vumbi. Utoe mzima. Skrubu iliyokatika iache, toboa mpya inchi 1 kando. Ukifungua, tazama juu ya boriti ya chini yake. Mara nyingi ubao uliooza ni mjumbe tu.

Boriti iliyoanza kuoza juu, kama bado inashika zaidi ya nusu ya kimo chake, ikwanguliwe hadi kwenye mbao ngumu, ipakwe dawa ya shaba, iachwe ikauke, kisha ipewe mwenza: boriti mpya ya urefu uleule ifungwe ubavuni kwa bolti kila futi 1½, ikae juu ya mihimili yote miwili, na dipisi ifunike zote mbili. Ukilazimika kukata sehemu iliyooza, kata futi 2 zaidi ya pale macho yanapoona mwisho. Nyuzi za kuvu husafiri mbele ya uozo.

Nguzo iliyooza mguuni ndiyo kazi inayowatisha watu, ingawa inafanyika kwa siku moja, ukiacha kusubiri zege:

1. Ondoa watu na samani zote juu ya sakafu.
2. Simamisha mbao mbili nene za kuegemeza, kila upande wa nguzo, juu ya vipande vya ubao mpana, zikibeba mhimili.
3. Weka jeki ya gari juu ya kitako imara, na kipande cha 4×4 juu yake, upandishe mhimili nusu sentimita tu, mpaka nguzo ilegee. Kaza mbao za kuegemeza kwa kabari. Usiingie chini ya mhimili unaobebwa na jeki peke yake.
4. Kata nguzo kwenye mbao ngumu, futi nzima juu ya uozo.
5. Chimbua kilichobaki ardhini, safisha shimo, mwaga zege mpya iinuke hadi kufikia nguzo, na usimike kiatu cha chuma.
6. Paka kichwa kilichokatwa dawa, subiri zege siku 7 mbao za kuegemeza zikiwa zimekaa, ndipo ushushe jeki polepole na kufunga bolti.

Mhimili ukiwa umeoza katikati, au nguzo zaidi ya mbili zimelegea kwa wakati mmoja, usiendelee kuweka viraka. Ifungue yote, uokoe mbao zilizo nzima, uanze upya na msingi.

Mabaki ya mbao za kijani yasiingie jikoni. Aseniki iliyo ndani yake hutoka na moshi na kubaki kwenye majivu, na majivu hayo huku kwetu humwagwa kwenye sukuma wiki. Yasichomwe, yasipewe jirani kama kuni, wala yasizungushiwe bustani ya mboga. Yakusanye mahali pakavu na uulize idara ya mazingira ya kaunti yapelekwe wapi.